Aliyekuja Kupima Sinema

Kitu kikikudondoka pale Sinema, huna haja ya kuinama. Teremka tu mpaka kwa wauza vyombo, utakikuta kimekutangulia. Sakafu ya jengo lile ilijengwa kwa mteremko, ili aliyeketi nyuma aone juu ya kichwa cha aliyeketi mbele, na ingawa viti viling'olewa zamani, mteremko haukung'oka. Kifungo, chungwa, bobini ya uzi, vyote huviringika kuelekea jukwaani. Mama Pazia, ambaye kibanda chake kilikuwa katikati kabisa, alisawazisha cherehani yake kwa vipande vya mbao, na bado kila jioni alikuwa na safari ya kwenda chini kudai mali yake.

Watu wa mji hawakupaita soko. "Sufuria hii nimeinunua Sinema," walisema. "Twende Sinema tukatafute shuka." Watoto wa siku hizi walikua wakidhani sinema ni mahali pa kununulia ndoo. Na wangelaumiwa vipi? Jengo lenyewe lilibadilisha kazi kama kinyonga. Lilianza kuwa ukumbi wa maigizo, watu wakiingia na viatu vilivyong'arishwa. Likawa jumba la picha, foleni ya Jumamosi ikizunguka kona. Picha zilipohamia majumbani mwa watu, mwenye jengo akaleta viatu vya magurudumu, mchezo ambao juu ya sakafu ile haukudumu, kwa kuwa kila aliyeanza mbio alizimalizia jukwaani, wengine kwa meno. Likaja disko, likaja ghala la saruji, mwishowe vikaja vibanda. Mama Pazia na marehemu mumewe waliingia siku zile ambazo ukiupiga ukuta kofi, unapiga chafya mpaka kesho.

Sasa ng'ambo ya barabara palikuwa na jengo jingine, refu, la vioo vitupu, lenye maduka, kumbi ndogo za picha, michezo ya watoto na ngazi zinazopanda zenyewe. Watu waliliita Vioo. Tangu lifunguliwe, wateja wa Sinema walipungua kama maji ya mtungi uliopata ufa. Na juu ya hilo ukazuka uvumi: wenye Vioo wana magari mengi kuliko mahali pa kuyaweka, na wameikodolea macho Sinema waibomoe wapate maegesho.

"Lisemwalo lipo," alisema Mama Vyombo, jirani yake wa chini, mwanamke mwenye sauti ya kupasua glasi alizokuwa akiuza. "Na kama halipo, liko njiani, limesimama kupumzika."

Wakati watu wako katika hali hiyo ndipo alipokuja yule mtu.

Alikuja asubuhi, mwembamba, shati limechomekwa vizuri, begani kamera, mkononi futikamba. Akasimama mbele ya kibanda cha Mama Pazia.

"Hodi, mama. Samahani, naomba nisogeze pazia hili kidogo."

"Sogeza baba. Unataka mita ngapi?"

"Sitaki pazia. Nataka ukuta."

Mama Pazia akasimamisha cherehani. Yule mtu akaingiza mkono nyuma ya mapazia, akaupapasa ukuta kama daktari anayetafuta ini, akapima kutoka nguzo hadi nguzo, akapiga picha ua la plasta ambalo Mama Pazia alikuwa amelitundikia hanga kwa miaka yote hiyo bila kujua kuwa ni ua.

"Naandika historia ya majumba ya starehe ya mji huu," akaeleza. "Kumbi za maigizo, sinema, na maduka makubwa ya zamani."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma."

Jibu hilo ndilo lililomharibia. Mama Pazia hakuwahi kuona mtu anayetembea na futikamba bila kutumwa. Fundi hutumwa na mwenye nyumba, mpima viwanja hutumwa na serikali, hata mshona sanda hutumwa na wafiwa. Mtu anayepima ukuta wa wenzake kwa mapenzi yake mwenyewe, huyo ana jambo.

Kabla ya adhuhuri soko zima lilikuwa limempa jina: Bwana Futi.

Mwenyekiti wa wafanyabiashara aliuza viatu mlangoni, chini ya lile dirisha dogo lililokuwa la kukatia tiketi. Nyuma yake maboksi ya viatu yalipanda mpaka darini, ukuta mzima, kiasi kwamba akisimama mbele yake alionekana kama mtu anayelinda ngome. Alikuwa na kifua kipana na maneno yaliyojaa. Mara mbili huko nyuma mwenye jengo alitaka kuwatoa, na mara zote mbili Mwenyekiti ndiye aliyesimama akabishana naye mpaka akanywea. Walimwamini kuliko walivyoamini kufuli zao.

"Kikulacho ki nguoni mwako," aliwaambia jioni ile walipomzunguka. "Lakini huyu hajaingia nguoni bado. Tumzuie akiwa mlangoni. Mama Pazia, wewe ameanza kukuzoea. Kaa kimya, mpe kiti, mpe chai, mwangalie."

Mama Pazia akamwangalia. Bwana Futi alirudi kesho yake, na keshokutwa. Aliuliza mambo ya ajabu. Taa zilining'inia wapi? Kuna anayekumbuka rangi ya viti? Jukwaa lilikuwa na mlango wa nyuma? Naye akaulizwa: anafanya kazi gani? Akajibu anafundisha kuchora katika shule. Ataitoa lini hiyo historia? Akajibu hajui. Kwa nini anapima paa? Hapo akasita, akafunga kamera, akasema chai ni tamu.

"Umeona alivyosita?" Mama Pazia akamnong'oneza Mama Vyombo.

"Nimeona. Mtu mkweli hasifii chai yako wewe, uliyosahau kutia majani."

Siku moja alipotoka, Mama Pazia akajifunga mtandio, akamfuata. Bwana Futi akavuka barabara. Akaingia Vioo. Mama Pazia hakuwa amewahi kukanyaga mle ndani. Ilikuwa kama kwenda kumsalimia mke mwenza. Akaingia hivyo hivyo. Alipofika kwenye zile ngazi zinazopanda zenyewe, akasimama akizitazama zinavyozaliwa na kumezwa, akasema bismillahi ya kimoyomoyo, akakanyaga, akang'ang'ania ule mpira wa pembeni kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa ng'ombe mkali amshike.

Huko juu, nyuma ya kioo cha ofisi, akamwona Bwana Futi ameketi na mtu wa tai. Mezani kulikuwa na picha. Mtu wa tai alitoa picha nyingine kwenye droo ya meza, Bwana Futi akazipokea, wakacheka, wakapeana mikono. Kisha Bwana Futi akageuka, macho yake yakakutana na ya Mama Pazia. Hakusalimu. Wala yeye hakusalimu. Alishuka kwa ngazi za kawaida, mbiombio, akiwa na uhakika kama anavyokijua kidole chake.

Kama ingekuwa hilo tu, lisingemuuma sana. Lililomuuma lilikuwa la ndani ya ukoo.

Mdogo wa marehemu mumewe, shemeji yake, ndiye aliyekuwa akiendesha mashine ya picha enzi za sinema. Picha ikikatika watu walipiga miluzi na kumpigia kelele, "Fundi Taa! Washa!" na jina hilo likamganda mpaka mvi. Sasa aliangalia umeme na mabomba ya jengo, na funguo zote zilikuwa kiunoni mwake, pamoja na ufunguo wa chumba cha mashine kule juu. Chumba hicho hakumfungulia mtu. Mama Pazia aliwahi kumwomba aweke majora yake ya vitambaa mle wakati wa mvua, akakataliwa kwa upole: "Shemeji, kule ni pachafu." Mtu aliyekuwa akila mchana kibandani kwake kila siku ya Mungu!

Basi asubuhi moja akasikia kicheko kikishuka kutoka juu. Akapanda ngazi nyembamba za zege. Mlango wa chumba cha mashine ulikuwa wazi, na ndani ameketi shemeji yake juu ya ndoo iliyopinduliwa, Bwana Futi sakafuni, kinasa sauti kati yao. Walipomwona, kicheko kikakatika.

"Karibu shemeji," akasema Fundi Taa, lakini hakumpisha.

"Mnacheka nini?"

"Tunazungumza ya zamani tu."

"Ya zamani yana nini hata yanyamaziwe?"

Fundi Taa akatazama vidole vyake. Bwana Futi akabonyeza kinasa sauti, kikazima. Mama Pazia akashuka, na kila ngazi aliyoikanyaga ilimpandishia hasira. Mchana ule sahani ya shemeji yake aliiweka mezani bila kusema karibu.

Jioni Mwenyekiti akaitisha mkutano jukwaani. Mama Pazia akasimama, akaeleza yote: futikamba, paa, ofisi ya vioo, mkono uliopewa mkono. Watu wakaguna. Angeishia hapo ingekuwa heri. Lakini ulimi hauna breki, akaongeza:

"Na aliyemfungulia chumba cha juu ni shemeji yangu. Nasema mbele yenu nyote, nisije nikaambiwa nimeficha kwa sababu ya udugu. Funguo anazo yeye. Muulizeni amepewa nini."

Fundi Taa alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango. Mwenyekiti alipomnyooshea mkono, alifungua mkanda, akachomoa shada la funguo, akalitia katika kiganja kile kipana, akaondoka. Mama Pazia alimwona akitoka akiwa ameshika suruali isimvuke, na kwa muda mfupi akatamani kumeza maneno yake. Lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Kesho yake Bwana Futi alipoingia, walikuwa wamemngoja. Wakamzunguka katikati ya mteremko, kila mtu na neno lake. Mama Pazia akamshika mkono wa shati.

"Sema leo. Nani amekutuma?"

"Nisikilizeni," akasema Bwana Futi, uso umemtoka jasho. "Kuna kamati ya mji, ya majengo ya kale. Jengo likiorodheshwa nayo, mtu hawezi..."

"Nje!" Mwenyekiti akanguruma. "Nje! Mwongo!"

"... hawezi kulibomoa kabla ya..."

"Nje, nimesema! Mtoeni!"

Mtu akasukuma. Mwingine akasukuma aliyesukuma. Kamera ikachomoka begani, ikapiga sakafu, ikaanza kuviringika, kwanza taratibu kama inayofikiri, kisha kwa kasi, watu wakiipisha, mpaka ikajibamiza kwenye masinia ya Mama Vyombo kwa kishindo cha harusi. Hakuna aliyecheka. Bwana Futi akateremka, akaokota vipande, akavifunga katika leso, akatoka bila kumtazama mtu.

Ushindi ule haukumpa Mama Pazia usingizi mtamu. Kuna kitu kilikuwa kikimkwaruza, kama sindano iliyosahauliwa katika upindo. Siku nzima alishona vibaya. Alikuwa amesikia maneno mawili matatu ya yule mtu: kamati, kubomoa, kabla. Kabla ya nini? Na kwa nini Mwenyekiti, mtu anayependa kumwacha mwenzake aseme mpaka ajikaange kwa mafuta yake, safari hii hakumwacha amalize sentensi?

"Wewe sasa unamshuku kila mtu," Mama Vyombo akamwambia alipomgusia. "Kesho utanishuku mimi."

"Wewe nilikushuku siku ya kwanza nilipokuona."

Wakacheka, lakini sindano ilibaki pale pale.

Mvua ikanyesha siku hizo, na ukanda wa ndala yake ukakatika. Akapanda peku mpaka mlangoni. Mwenyekiti hakuwapo, ametoka kidogo. Pale Sinema walizoea kuchukuliana vitu na kuambiana baadaye, kwa hiyo Mama Pazia akanyoosha mkono kwenye maboksi akatafuta namba yake. Akaliona boksi la arobaini, akalivuta kwa nguvu, kama mtu anayetegemea uzito. Nusura aanguke kinyumenyume. Boksi lilikuwa jepesi kama ganda la yai.

Akalifungua. Tupu. Akavuta la pili: tupu. La tatu: karatasi laini tu, imekunjwa vizuri. Akapanda kwenye kigoda, akagonga maboksi ya juu kwa kidole. Yote yakajibu kwa sauti ile ile ya ngoma. Viatu vilikuwa safu ya mbele chini, vile vya kuonyeshwa. Ngome nzima iliyobaki ilikuwa hewa.

Alikuwa bado juu ya kigoda Mwenyekiti aliporudi.

"Unatafuta namba gani, Mama Pazia?"

"Arobaini."

"Arobaini imekwisha."

"Naona. Hata thelathini na tisa imekwisha. Imekwisha mpaka darini."

Mwenyekiti akatazama nyuma yake, kisha akasogea karibu. Ile sauti yake ya mikutano hakuitumia. Alitumia nyingine, ambayo Mama Pazia hakuwahi kuisikia.

"Shuka tuzungumze kama watu wazima. Jengo hili limekwisha. Mwenye nalo ameshakubaliana na wenye Vioo, mimi nimejua kabla tu ya wengine. Wamenipa chumba cha kona pale Vioo, nimehamisha mali kidogokidogo nisiwatie watu hofu. Nikikusemea, na wewe hukosi chumba. Fikiria mapazia yako nyuma ya kioo kisafi, ubaridi unapuliza, wateja wanapanda kwa ngazi wenyewe."

Tusimpambe Mama Pazia: alifikiria. Aliyaona mapazia yake nyuma ya kioo, yananing'inia wima, hayafuati mteremko wa mtu. Aliona miguu yake ikipumzika. Kisha akakumbuka suruali iliyoshikwa kwa mkono.

"Na funguo za shemeji yangu ulizitakia nini?"

"Wale walitaka kupanda juu waangalie paa. Mzee angewazuia."

"Na yule wa futi?"

"Yule angetuharibia. Kamati ikianza kusikiliza, mambo yanalala huko mwaka mzima." Akatabasamu, akampapasa bega. "Wewe ndiye uliyetusaidia kumtoa. Usisahau."

Mama Pazia alihisi pale penye bega pamechomwa pasi. Hakupiga kelele. Aliita tu, kwa sauti ya kawaida, kama anayeomba mkasi:

"Mama Vyombo! Hebu njoo unishushie kiatu kilichoko juu, mimi sifiki."

Mama Vyombo akapanda, akiwa na ule upawa mrefu aliokuwa akimwonyesha mteja. Mwenyekiti akasema hapana, acheni, lakini Mama Vyombo hakuwahi katika maisha yake kuacha jambo alilokatazwa. Akaupenyeza upawa kati ya maboksi, akavuta. Likaja moja, yakaja kumi, ukaja ukuta. Ngome ya Mwenyekiti ilianguka bila kishindo, kwa mnong'ono tu wa karatasi, maboksi yakateleza kwenye sakafu ile yenye unyevu wa mvua, mengine yamefunguka vifuniko, yakapita kwa wauza nguo, yakapita kwa wauza redio, yakaenda kujipanga chini ya jukwaa. Watu wakatoka vibandani. Mmoja akaokota, akatazama ndani. Mwingine akaokota. Hakuna aliyehitaji kuhutubiwa.

"Viatu viko wapi, Mwenyekiti?" akauliza muuza redio.

Mwenyekiti akavuta pumzi ili atoe ile sauti yake kubwa. Haikutoka. Akachukua koti, akaweka shada la funguo juu ya kigoda, akavuka barabara mvuani, na mlango wa Vioo ukamfungukia wenyewe.

Funguo alizichukua Mama Pazia. Akaenda nazo nyumbani kwa shemeji yake, akamkuta barazani anatengeneza pampu ya jirani.

"Hodi."

"Karibu," akasema Fundi Taa, macho kwenye pampu.

Akaketi. Akaeleza ya maboksi. Akaweka funguo chini kati yao. "Shemeji, nimekosa. Nisamehe."

Fundi Taa akakaza skrubu, akajaribu pampu, akailegeza tena. "Ulinisema mbele ya watu wote," akasema hatimaye. "Msamaha unakuja kuniomba hapa, mimi na wewe na pampu."

Kesho yake Mama Pazia alipanda jukwaani, soko likiwa limejaa, wateja wakiwemo, akasema alichosema. Alisema kwa sauti, bila kujificha nyuma ya methali: nilimshuku ndugu yangu bila sababu, nikamvunjia heshima, aliyenidanganya nilimwamini. Mama Vyombo aligonga sinia mara moja kumaliza jambo, na watu wakarudi kwenye biashara.

Mchana Fundi Taa akaja kula. Alipomaliza akafuta mdomo, akasema bila kuulizwa:

"Siku ile kule juu tulikuwa tunacheka habari za marehemu kaka. Siku aliyokuleta hapa kuona picha mara ya kwanza, alipanda kwangu akaniambia, mdogo wangu, nimekaa na binti wa watu na sijapata la kumwambia, usiwashe taa upesi. Nikairudisha sehemu ya mwisho ya picha, nikaionyesha tena. Watu wakataka kunivunjia mlango. Sasa wewe ukatokea mlangoni wakati huohuo. Ningekuambia nini mbele ya mgeni?"

Mama Pazia aliikumbuka picha ile. Jambazi alikufa, akafufuka, akafa tena. Miaka yote alidhani ndivyo hadithi ilivyokuwa. Akacheka, kisha akainuka akajifanya anatafuta mkasi, maana macho yalikuwa yameanza kumwasha.

Ikabaki kwa Bwana Futi. Alikaa chumba kimoja juu ya duka la kusafishia picha. Walipogonga, mlango ulifunguka upana wa uso tu.

"Ni nani mwingine yuko nyuma yenu?"

"Hakuna," akasema Mama Pazia. "Ni mimi na shemeji."

"Mmetumwa na nani?"

"Tumejituma."

Bwana Futi akawatazama muda mrefu. Ilimjia Mama Pazia kuwa na yeye alikuwa na uso huohuo siku ile nyuma ya mapazia.

"Nitawaambia ukweli," akasema, bado kashika mlango. "Nilijua humo ndani kuna mtu wao. Kila nililouliza Sinema, kesho yake nikienda Vioo nilikuta wanalijua. Ndiyo maana sikusema habari za kamati. Na mtu niliyemshuku ni wewe, mama. Nilikwenda kwa mjukuu wa aliyelijenga jengo lenu, ana ofisi pale Vioo juu, nikamwomba picha za siku ukumbi ulipofunguliwa. Nageuka, nakuona umesimama kiooni unanichungulia. Nikasema, huyu hapa."

"Mimi nami nilisema, huyu hapa."

Fundi Taa akakohoa. "Basi mmejuana. Sasa tuingie, miguu yangu si ya chuma."

Akawafungulia. Lakini Mama Pazia aliona kwamba alikaa karibu na mlango, na kinasa sauti hakukiwasha siku ile.

Kamati ya mji ilikuja baada ya mvua kwisha. Walifanyia kikao humohumo Sinema, wameketi kwenye viti vya plastiki vya kukodi vilivyowainamisha mbele, mmoja akishika meza isimkimbie. Bwana Futi akaonyesha picha zake na vipimo vyake. Wafanyabiashara wakasimama mmoja mmoja wakasema wanavyolijua jengo. Mwanasheria wa Vioo alisema vizuri pia, si uongo. Alisema mji unaokua unahitaji mahali pa magari. Mwisho ikaamuliwa kuta, jukwaa na chumba cha mashine visiguswe, vibanda vibaki mpaka itakapopatikana njia ya kulikarabati, na hiyo njia mpaka leo wanaitafuta. Vioo wakanunua karakana kuukuu mtaa wa nyuma, magari yao yakapata kwao. Mwenyekiti yuko kwenye chumba chake cha kona, anauza vizuri tu. Mbingu hazikumwangukia. Ukipita anakupungia mkono.

Si kila kitu kilirudi mahali pake. Fundi Taa alizipokea funguo, lakini siku hizi hazivai kiunoni; amezitia kamba shingoni, chini ya shati. Anakula kwa Mama Pazia, anacheka, ila akitaka kupanda juu hutazama kwanza nyuma. Bwana Futi huja Jumamosi na kamera ya kuazima, humpa kila mtu mkono, na kabla hajauliza swali hukuuliza kwanza wewe unamjua nani ng'ambo.

Wakahitaji mwenyekiti mpya. Watu wakamchagua Mama Pazia. Alikataa, wakamlazimisha, akakubali kwa kununa.

Asubuhi iliyofuata alipofika kibandani alimkuta Mama Vyombo ameshamtangulia. Alikuwa ameinama kwenye rafu, anabonyeza majora ya vitambaa moja baada ya jingine kwa kidole gumba.

"Unatafuta nini, shoga?"

"Naangalia kama yana kitambaa mpaka ndani," Mama Vyombo akajibu bila kuona haya. "Usinichukie. Nakupenda, lakini wewe ni mwenyekiti."

Mama Pazia akamtazama, akaning'iniza mtandio wake msumarini, akakunja mikono ya gauni.

"Hilo la chini hujalifikia," akasema. "Shika upande huo, tulikunjue."